Hitilafu ya umeme ya kuja na kuondoka katika gari lililobadilishwa injini

Hitilafu ya umeme ya kuja na kuondoka ni kasoro ya mfumo wa umeme wa gari inayotokea kwa muda, kutoweka yenyewe, kisha kurudi bila ratiba. Injini inaweza kuzimika njiani na kuwaka tena baada ya dakika chache, taa zinaweza kufifia na kurudi, au stata inaweza kugoma asubuhi moja na kufanya kazi vizuri wiki nzima. Kasoro ya aina hii hupatikana sana katika magari yaliyobadilishwa injini, yaani magari yaliyoondolewa injini ya kiwandani na kuwekewa ya aina nyingine, kwa sababu nyaya za magari mawili tofauti huwa zimeunganishwa kwa mkono.

Kuitafuta hitilafu hii ni tofauti na kutafuta kasoro ya kudumu. Gari likifika gereji mara nyingi huwa zima, na mita huonyesha kuwa kila kitu kiko sawa. Kwa hiyo njia inayofaa ni kupima saketi ikiwa inafanya kazi, au kuweka alama zitakazoonyesha umeme umekatikia wapi wakati hitilafu inapotokea. Kubadilisha vipuri kwa kubahatisha humgharimu mwenye gari fedha nyingi, na mara nyingi humwacha na tatizo lilelile.

## Ubadilishaji wa injini

Nchini Tanzania, kama kwingineko Afrika Mashariki, injini hubadilishwa kwa sababu za kawaida: ya zamani imekufa, vipuri vyake havipatikani, au inakula mafuta mengi. Injini za mtumba kutoka Japani hupatikana kwa urahisi kuliko vipuri vya injini nyingi za Ulaya. Ndiyo maana zipo Land Rover za zamani zilizowekewa injini za dizeli za Kijapani, na pikapu za petroli zilizowekewa injini yenye kompyuta mahali palipokuwa na kabureta.

Kazi ya chuma, yaani kupachika injini, gia na propela shafti, huonekana kwa macho. Kazi ya umeme hufichwa ndani ya tepu nyeusi. Fundi hulazimika kuunganisha mafungu mawili ya nyaya, ambayo gereji huyaita wayaringi: lile la bodi, lenye swichi ya ufunguo, dashibodi na taa, na lile la injini, lenye kompyuta, sensa, koili na alteneta. Kila mahali yanapokutana pana kiungo ambacho kiwanda hakikukipanga.

Namba ya injini huandikwa katika kadi ya usajili wa gari, inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Kwa hiyo injini ikibadilishwa, kumbukumbu za usajili nazo zinapaswa kurekebishwa.

## Tofauti za rangi na volti

Watengenezaji wa magari hawatumii rangi moja za nyaya. Katika magari ya zamani ya Uingereza, yakiwemo Land Rover, waya wa kahawia huleta umeme wa betri moja kwa moja, mweupe hutoka kwenye swichi ya ufunguo, na mweusi ni wa ethi. Katika magari ya Ujerumani waya wa kahawia ndio ethi. Katika Toyota ethi kwa kawaida ni waya mweupe wenye mstari mweusi. Fundi anayefuata rangi bila mchoro anaweza kuunganisha ethi mahali pa umeme, au kuchukua umeme kwenye waya unaokatika wakati stata inapozunguka.

Volti nazo hutofautiana. Magari madogo mengi hutumia volti 12, lakini baadhi ya injini za dizeli za magari makubwa ya Kijapani zina stata na plagi za kupashia moto za volti 24. Injini kama hiyo ikiwekwa kwenye gari la volti 12 bila kubadilisha vifaa hivyo, huwaka kwa shida na kufanana na injini yenye hitilafu ya kuja na kuondoka, kumbe kasoro yake ni ya kudumu.

## Kwa nini kasoro hujificha

Sababu iko katika kanuni iliyochapishwa na mwanafizikia Mjerumani Georg Simon Ohm mwaka 1827: volti zinazopotea katika kiungo ni sawa na mkondo unaopita ukizidishwa kwa ukinzani wa kiungo hicho. Kama hakuna mkondo, hakuna volti zinazopotea, hata kiungo kiwe kibovu kiasi gani.

Chukulia kiungo chenye kutu ambacho ukinzani wake ni omu 0.05. Mita nyingi za kawaida haziwezi kupima kwa uhakika ukinzani mdogo hivyo. Lakini matokeo yake hubadilika kulingana na mzigo:

* Taa ndogo ya wati 5 huvuta takriban ampia 0.4. Volti 0.02 tu hupotea, na taa huwaka vizuri.
* Pampu ya mafuta inayovuta ampia 6 hupoteza volti 0.3. Gari hutembea.
* Stata inayovuta ampia 150 hupoteza volti 7.5. Haizunguki, hutoa mlio mmoja tu.

Vivyo hivyo, waya wenye nyuzi nyingi uliobakiwa na uzi mmoja huonyesha volti 12 kamili kwenye mita, kwa sababu mita yenyewe huvuta mkondo mdogo mno. Ukiunganishiwa balbu ya wati 21, inayovuta ampia 1.75, udhaifu wake huanza kujitokeza. Ndiyo maana mafundi wazoefu huweka balbu pamoja na mita: mita hutoa namba, na balbu hutoa mzigo.

## Vyanzo vya kawaida

Ethi. Hiki ndicho chanzo cha kwanza kuangaliwa. Injini hukaa juu ya mauntingi za mpira, na mpira haupitishi umeme. Lazima pawe na waya mnene kati ya betri na bloku ya injini, na mwingine kati ya injini na bodi. Wa pili husahaulika mara nyingi wakati wa kubadilisha injini. Umeme wa stata hutafuta njia nyingine, kama waya wa chuma wa kuvutia mafuta au wa klachi, ambao hupata moto na hata kuungua. Dalili nyingine ni geji ya joto kupanda ghafla taa zinapowashwa.

Viungo vya kusokota. Nyaya mbili zilizosokotwa kwa vidole na kufungwa tepu hushika vizuri kwa miezi kadhaa. Kisha shaba hushika kutu, gundi ya tepu huyeyuka kwa joto, na nyaya hulegea.

Soketi na pini. Pini ya kike iliyotanuliwa kwa kuchomekewa ncha nene ya kupimia hubaki imelegea. Soketi huonekana imefunga, lakini ndani pini hugusa na kuachia.

Relei na swichi ya ufunguo. Injini yenye kompyuta na pampu ya umeme huvuta mkondo mkubwa kuliko ile ya kabureta. Mzigo huo ukipitishwa kwenye swichi ya zamani bila relei, swichi huungua ndani polepole.

Waya wa alteneta. Katika alteneta nyingi, umeme wa kuianzisha hupitia balbu ya chaji iliyo kwenye dashibodi. Balbu hiyo ikiwa imeungua au haikuunganishwa, alteneta inaweza kuchaji siku moja na kukataa siku nyingine, au kuanza baada tu ya injini kuzungushwa kwa kasi.

Waya wa pampu ya dizeli. Injini nyingi za dizeli zisizo na kompyuta huhitaji umeme kwenye kifaa cha kufungulia mafuta kilichoko juu ya pampu ya nozeli. Waya huo mmoja ukilegea, injini huzimika kana kwamba mafuta yamekwisha.

Panya. Gari linalolala karibu na ghala au jiko huweza kutafunwa nyaya, hasa chini ya manifoldi kusikoonekana.

## Mazingira ya Masasi na Newala

Mji wa Masasi uko katika nchi tambarare yenye milima ya mawe, na Newala iko juu ya Uwanda wa Makonde, ambao ukingo wake wa magharibi hufikia takriban mita 900 juu ya usawa wa bahari. Safari kati ya miji hii miwili ina mpando, na mpando hufanya mambo matatu kwa pamoja: injini hupata moto, mikondo ya umeme huongezeka, na injini huegama upande mmoja kwenye mauntingi kwa nguvu inayotoa. Waya uliokatwa mfupi huvutika hapo na si penginepo. Gari linaweza kuzunguka mjini Masasi mwezi mzima bila tatizo na kushindwa kila linapopanda.

Majira nayo yana athari. Wakati wa kiangazi vumbi laini la njia za mchanga huingia kwenye soketi zilizopoteza mipira yake. Mvua, zinazonyesha kati ya Novemba au Desemba na Aprili au Mei, huligeuza vumbi hilo kuwa tope linalopitisha umeme na kuleta kutu. Msimu wa korosho, ambao kilele chake ni kati ya Oktoba na Desemba, huongeza mizigo na mitikisiko kwa magari yaendayo vijijini.

Gari lisilotegemeka si usumbufu tu. Wagonjwa wa wilaya hufikishwa katika Hospitali ya Mkomaindo mjini Masasi, na gari likizimika usiku kwenye njia isiyo na usafiri mwingine, saa zinazopotea ni za mgonjwa. Vipuri visivyopatikana mjini huagizwa Mtwara, takriban kilomita 200, au Dar es Salaam, na kifaa cha umeme cha mtumba kikishafungwa kwa kawaida hakirudishwi dukani. Kila kipuri kinachonunuliwa kwa kubahatisha ni hasara.

## Hatua za uchunguzi

### 1. Kumhoji dereva

Maswali machache hupunguza nusu ya kazi. Hutokea gari likiwa la moto au la baridi? Kwenye mpando, kona, au mashimo? Baada ya mvua? Taa za dashibodi huzimika pamoja na injini au hubaki? Likizimika, huwaka mara moja au husubiri?

Swali la mwisho lina uzito wa pekee. Gari linalowaka mara tu linaposimama huelekeza kwenye waya unaovutika au kiungo kinachotikisika. Gari linalohitaji dakika 15 au 20 kupoa huelekeza kwenye kifaa kinachoshindwa kwa joto, kama koili, sensa ya mzunguko wa injini au relei.

### 2. Betri na chaji

Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha takriban volti 12.6. Injini ikinguruma, alteneta nzima kwa kawaida hutoa kati ya volti 13.8 na 14.5. Stata ikizunguka, betri yenyewe haitakiwi kushuka chini ya takriban volti 9.6. Ikishuka zaidi, betri ishughulikiwe kwanza, maana vipimo vinavyofuata havitaaminika.

### 3. Kupima upotevu wa volti

Mita huwekwa kwenye volti za mkondo mnyoofu. Ncha moja hushikwa kwenye nguzo ya betri yenyewe, si kwenye temino, na nyingine kwenye mwisho wa njia inayopimwa, wakati mzigo unafanya kazi. Namba inayosomeka ndiyo volti zinazopotea njiani. Viwango vinavyotumiwa na mafundi wengi ni hivi:

* Kati ya nguzo hasi na bloku ya injini, stata ikizunguka: isizidi volti 0.5.
* Kati ya nguzo hasi na bodi, taa zote zikiwaka: isizidi volti 0.2.
* Kati ya nguzo hasi na pini ya ethi ya kompyuta, injini ikinguruma: isizidi volti 0.1.

Kiwango cha kompyuta ni kidogo kwa sababu sensa nyingi hufanya kazi kwa volti 5 tu. Ethi inayopotoka kwa nusu volti huifanya kompyuta isome joto au hewa isivyo, na kumfanya fundi aishuku sensa isiyo na kosa.

### 4. Kutikisa, kupasha na kulowesha

Injini ikinguruma, fundi hutikisa fungu moja la nyaya baada ya jingine, kwa vipande vifupi, huku mwenzake akiangalia mita. Lengo ni kujua sentimita kumi zipi zinazoleta tatizo. Kifaa kinachoshukiwa kushindwa kwa joto hupashwa kwa kikausha nywele, kamwe si kwa moto wa wazi. Kinachoshindwa kwa unyevu hunyunyiziwa maji kidogo. Mkono usiguse nyaya za plagi, zenye maelfu ya volti.

### 5. Taa za ushahidi

Hitilafu inapokataa kutokea gereji, taa ndogo tatu zinaweza kuwekwa juu ya dashibodi na kusafiri na gari. Kila moja hupewa fyuzi ndogo, na waya wake wa pili hurudishwa moja kwa moja kwenye nguzo hasi ya betri ili isitegemee ethi inayoshukiwa. Taa A huunganishwa mahali umeme unapotoka kwenye swichi ya ufunguo, B unapotoka kwenye relei kuu ya injini, na C karibu kabisa na pampu ya mafuta. Taa hizi haziunganishwi kamwe kwenye nyaya za sensa.

Injini ikikatika, dereva au abiria hutazama tu:

* Zote zimezimika: tatizo liko kati ya betri na swichi, au ndani ya swichi.
* A inawaka, B na C zimezimika: relei kuu, soketi yake, umeme unaoilisha au ethi yake.
* A na B zinawaka, C imezimika: waya au relei ya pampu.
* Zote zinawaka: tatizo liko kwenye ethi ya kompyuta au ya pampu, sensa, koili, au mafuta yenyewe.

Kwa njia hii safari moja huweza kutoa jibu ambalo wiki nzima ya kukisia isingelitoa.

### 6. Kusoma kompyuta

Soketi ya kompyuta yenye pini 16 ilifanywa ya lazima nchini Marekani kwa magari ya mwaka 1996 na kuendelea. Injini nyingi za Kijapani za miaka ya 1990 hazina soketi hiyo. Katika Toyota nyingi za wakati huo, pini za TE1 na E1 zikiunganishwa kwa waya na swichi ikifunguliwa, taa ya injini kwenye dashibodi hupepesa kwa hesabu; kwa mfano, 22 huhusu sensa ya joto la maji. Wakati wa kubadilisha injini, taa hiyo haipaswi kuachwa bila kuunganishwa. Namba inayosomeka hutaja saketi yenye tatizo, yaani sensa pamoja na nyaya na soketi zake. Haisemi kwamba sensa imekufa.

## Mfano

Chukulia pikapu ya petroli yenye injini ya mtumba ya Kijapani. Kwenye mpando wa kwenda Newala injini hukatikakatika. Dereva akipunguza mafuta hutulia. Pampu ya mafuta na koili zimekwisha kubadilishwa bila mafanikio.

Taa za ushahidi zikiwekwa, A inabaki imara huku B na C zikipepesa. Swichi haina kosa; tatizo liko kwenye relei kuu. Mita inaunganishwa kati ya nguzo hasi na pini ya ethi ya relei. Gari likiwa limesimama, inasoma volti 0.05, yaani salama. Kisha matairi yanawekewa magogo, breki ya mkono na ya mguu zinakazwa, hakuna mtu mbele wala nyuma ya gari, na dereva anaachia klachi kidogo katika gia ya kwanza. Injini inaegama, na mita inaruka hadi karibu volti 12. Maana yake ethi ya relei imekatika.

Waya unafuatwa hadi kwenye bloku ya injini, ambako ulifungwa ukiwa mfupi na kusokotwa na wa relei iliyo kwenye bodi. Injini ikiegama, msokoto unaachana. Tiba ni waya mrefu zaidi, ulegevu wa kutosha na kiungo kipya. Pampu na koili zilizotolewa zilikuwa nzima.

## Usalama

Injini ikizimika gari likiwa mwendoni, msaada wa breki hubaki kwa kukanyaga mara chache tu, na usukani wa hidroliki huwa mzito. Kwa sababu hiyo gari lenye hitilafu ya kuzimika halifai kubeba abiria au kushuka miteremko mikali hadi kasoro ipatikane.

Fyuzi inayokatika mara kwa mara haibadilishwi kwa kubwa zaidi wala kwa kipande cha waya, kwa kuwa waya wa gari utageuka kuwa fyuzi na kuwasha moto. Vilevile, desturi ya kuvua temino ya betri injini ikinguruma ili kujaribu alteneta ni ya hatari: volti hupanda ghafla na zinaweza kuua kompyuta. Mita hutoa jibu lilelile bila madhara.

## Ukarabati na kuzuia

Kiungo kizuri hubanwa kwa koleo maalumu kwa kipande cha shaba cha ukubwa sahihi, au huchomelewa kwa risasi, kisha hufunikwa kwa mpira wa kusinywaa. Sehemu ya ethi husuguliwa rangi hadi chuma king'ae, hukazwa kwa nati yenye washa ya meno, kisha hupakwa grisi juu yake. Nyaya zinazotoka kwenye bodi kwenda kwenye injini huachiwa ulegevu wa kutosha na kushikizwa pande zote mbili.

Kazi inayosahaulika zaidi ni kuchora. Karatasi moja inayoonyesha kila kiungo, rangi ya kila upande, mahali pa relei, fyuzi na ethi, ikitunzwa ndani ya gari pamoja na nakala ya kadi, humwezesha fundi wa mji mwingine kuanza kazi bila kufungua tepu yote. Umeme wa magari hufundishwa katika vyuo vya VETA, mamlaka iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ambayo ina chuo pia mkoani Mtwara.

## Tazama pia

* Betri
* Alteneta
* Kanuni ya Ohm
* Injini ya dizeli
* Masasi
* Newala